Mkate ya Yesu Unakula, Yangu Unakataa

Daktari wa Embu aliponiambia kwamba sina ugonjwa wowote, nilikasirika badala ya kufurahi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake la mbao tangu asubuhi. Nilikuwa nimeshatolewa damu, nimeshatia choo ndani ya kijikopo, na wiki kadhaa kabla ya hapo damu nyingine ilikuwa imepelekwa Nairobi. Sasa mzee wa watu anavua miwani, ananitazama kwa upole na kuniambia, "Mwalimu, wewe ni mzima." Mzima! Na tumbo limevimba hadi sketi haifungi?

"Amiba hakuna?" nikauliza.

"Hakuna."

"Taifodi?"

"Hakuna. Minyoo pia hakuna. Na ule ugonjwa wa kushindwa na ngano, ule uliofanya nipeleke damu yako Nairobi, huna."

Nilitaka kulia. Akafunga faili yangu akaiwekea mkono juu. "Lakini umeniambia mwenyewe kwamba ukila mkate unateseka, na ukiuacha unapona. Basi uache. Cheti siwezi kukuandikia kwa sababu hakuna ugonjwa wa kuandika. Huo utakuwa uamuzi wako tu."

Angejua cheti kile kingenifaa vipi mwaka uliofuata, pengine angeniandikia hata cha uongo.

Mimi ni Mmbeere, mzaliwa wa upande wa Siakago, kwenye joto na mawe. Nyumbani tulikula mawele, ambayo sisi huita mwere, tukala kunde, ndengu na mbaazi. Mkate uliingia nyumbani siku ya mgeni, na tulipewa kipande kimoja kimoja tukakilamba kwanza ili kisiishe upesi. Nilipomaliza chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya tisini, niliajiriwa kufundisha Kiswahili katika shule moja huko juu Kianjokoma, kwenye majani chai na baridi ya kukata masikio. Loo, nilikula ngano kama mtu aliyeikosa utotoni, na kweli nilikuwa nimeikosa. Asubuhi mkate, saa nne mandazi mawili na chai ya walimu, jioni chapati kwenye kihoteli cha sokoni. Nikajiona nimefika.

Mwaka haujaisha, nikaanza kuvimba tumbo kila jioni. Kichwa kilinigonga, na viungo vikachoka hadi nikawa nafundisha nikiwa nimeketi, mimi ambaye nilijulikana kwa kuzunguka darasani kama askari. Desemba nikarudi nyumbani, nikala mwere na kunde za mama, na kabla ya Krismasi nikawa mtu tena. Januari nikarudi Kianjokoma kwenye mandazi yangu, na wiki ya kwanza tu nikawa nimelala ubavu nikishika tumbo. Likizo ya Aprili mambo yakawa yale yale. Mimi si mjinga. Nilijua mchawi wangu ni nani kabla ya daktari kunipima.

Kwa bahati nilipata uhamisho kwenda shule moja karibu na Siakago, na huko nikaamua: ngano basi. Sikula mkate, wala mandazi, wala chapati, wala keki ya harusi ya mtu. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa napanda kile kilima cha nyuma ya shule bila kusimama, na sauti yangu ikarudi ile ya kusikika hadi jikoni. Nilifurahi mno. Niliamka asubuhi nikiimba peke yangu chumbani.

Lakini jaribu kuacha chapati Kenya hii uone! Walimu wenzangu walisema ni mimba. Miezi ikapita, mtoto hakuonekana, wakasema basi ni maringo. Mpishi wa shule aliacha kunisalimu kwa sababu mandazi yake nilikuwa nayapisha tu. Na wanafunzi, hao ndio walionimaliza. Siku moja nilikuwa nafundisha fasihi simulizi, nimeandika ubaoni kwa herufi kubwa: NGANO. Nikasema leo nitawasimulia ngano tatu. Msichana mmoja wa kidato cha pili akainua mkono kwa adabu zote.

"Mwalimu, si wewe huwa huli ngano? Mbona sasa unatulisha sisi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nilimtoa nje, kisha nikageukia ubao nikacheka hadi chaki ikanidondoka. Kuanzia siku hiyo nikaitwa Mwalimu wa Ngano, na jina hilo sijalivua hadi leo.

Huko Siakago ndiko nilikokutana na mwanamume niliyemtaka. Alikuwa afisa wa kilimo, Mmeru wa upande wa Nchiru, aliyeletwa kwetu kuwafundisha wakulima namna ya kuhifadhi mwere na kunde zisiliwe na wadudu. Alikuwa mpole, mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa kibovu ajabu. Aliponiandikia barua ya kwanza, "Mwalimu, moyo yangu inakupenda," niliisahihisha kwa kalamu nyekundu, nikampa alama nne kwa kumi na kumrudishia. Akaniletea nyingine. Alipofika saba kwa kumi nikamkubali.

Yeye hakuwa na shida na chakula changu. "Mimi kazi yangu ni mwere," alisema. "Nitashangaaje mtu akila mwere?" Tatizo lilikuwa mama yake.

Baba yake alikuwa amefariki watoto wakiwa wadogo, na mama huyo aliwalea sita peke yake kwa shamba la migomba na nduma, yaani magimbi, za kando ya mto. Katika kijiji chao alijulikana kwa mambo mawili: kuongoza kikundi cha akina mama kanisani, na chapati. Hakukuwa na mazishi, harusi wala sherehe ya mchungaji ambayo hakuitwa kusukuma chapati. Na mimi nilihitaji mama huyo anipende. Kwao Meru, na kwetu pia, ndoa haiwi ya wazee kukubaliana tu. Kuna siku akina mama wa upande wa kijana hubeba vyondo vya chakula mgongoni na kuja nyumbani kwa msichana, na anayewatangulia ni mama mzazi. Mama asipokuja, wenzake nao hawaji. Na wasipokuja huna ndoa, una rafiki tu.

"Usijali," mchumba wangu akaniambia. "Nitamwambia mapema kwamba uko na aleji."

"Lakini sina aleji. Daktari alisema sina chochote."

"Sasa nitamwambia nini? Mtu mzima amekataa tu chapati?"

Nikaona neno moja la hospitali haliwezi kumuua mtu.

Tulifika kwao Jumamosi moja mchana. Mama alitupokea mlangoni, mwanamke mfupi mwenye mikono minene, kitambaa cheupe kichwani. Kwa kuwa mimi sijui Kimeru na yeye hajui Kimbeere, tulizungumza Kiswahili, chake cha sokoni na changu cha vitabu. Aliniita "Mwalimu" na mimi nikamwita "Mama". Aliomba sala ndefu kuliko nilivyotarajia, akitaja roho za upotevu mara tatu. Kisha akaleta sahani. Chapati zilikuwa zimepangwa kama vitabu, zinang'aa, zinanukia hadi mate yakanijaa, maana sikuacha ngano kwa kuichukia.

"Kula, Mwalimu."

"Asante, Mama, lakini mimi sili chapati. Nitakula ndizi na mchuzi."

Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi. Akavuta kiti karibu. "Mtoto aliniambia. Sasa mimi nauliza pole pole, usikasirike. Hiyo Aleji yenu, kanisa yake iko wapi?"

Sikuelewa. "Kanisa?"

"Kanisa ya Aleji. Mimi niliuliza akina mama, wakasema siku hizi kuna dini mingi. Ingine hapana kunywa chai, ingine hapana kwenda hospitali. Sasa hii yenu inakataza ngano. Mchungaji yenu ya Aleji ni nani?"

Hapo ndipo nilipokosea. Nilicheka. Nilicheka kile kicheko changu cha darasani, na juu ya kicheko nikaongeza somo. "Mama, aleji si dini. Ni hali ya mwili. Halafu tunasema mchungaji wenu, siyo mchungaji yenu." Mchumba wangu alifumba macho. Alifunika chapati kwa kitambaa, akaniletea ndizi za kuchemsha, na ndizi zile nilizila huku nikitamani ardhi inimeze.

Baadaye mwanawe alimweleza vizuri kwamba mimi ni Mkristo kama wao, nimebatizwa, na aleji ni neno la daktari. Mama akaonekana kutulia. "Sawa," akasema. "Kama ni ugonjwa, ni ugonjwa. Kesho tutaenda kanisa pamoja."

Sasa, kesho yake ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Nilipoliona lile sinia mbele ya kanisa, limefunikwa kitambaa cheupe, nikajua nimepatikana. Katika kanisa lao Meza huwa ni mkate wa dukani, uliokatwa vipande vidogo vidogo. Nikapiga hesabu ya haraka. Nikikataa, kanisa zima litasema ni ile dini ya Aleji. Nikila, kipande chenyewe ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, hakiwezi kunifanya kitu. Mimi si wale ambao chembe moja huwaangusha. Mimi nilikuwa nimeamua tu, na aliyeamua anaweza kuamua pia kwamba leo ni leo. Tena nilikipenda kipande kile kwa sababu zake, si kwa sababu za tumbo. Sinia lilipofika nikachukua, nikainamisha kichwa, nikala.

Nilipoinua macho, mama alikuwa ananitazama kutoka benchi la mbele. Alikuwa amegeuka mwili mzima.

Tuliporudi nyumbani nilimfuata jikoni ili nimsaidie kuosha vyombo. Alikuwa ameshika sufuria, akaiweka chini.

"Mwalimu, mimi nimeona."

"Umeona nini, Mama?"

"Mkate ya Yesu unakula, yangu unakataa." Akanionyesha viganja vyake. "Na hiyo ya Yesu ni mimi nilikata. Jana, na hii mikono, hapa kwa hii meza. Mkate ni moja! Sasa ugonjwa inajua hii ni ya kanisa na hii ni ya mama?"

Ningekuwa na cheti cha daktari wa Embu ningekitoa pale pale nikamwekea mezani. Lakini nilikuwa na ukweli peke yake, na ukweli wenyewe ulikuwa mbaya kuliko uongo tuliousema.

"Mama, si ugonjwa," nikasema. "Tulikudanganya. Daktari alinipima akasema mimi ni mzima. Ngano ikinizidi inanisumbua, nikiiacha najisikia vizuri. Basi nimechagua kuiacha. Hakuna aliyenikataza."

"Umechagua."

"Ndiyo."

"Mtu anachagua chakula?" Aliuliza polepole, kama anayeuliza kama mtu anaweza kuchagua mvua. Kisha machozi yakamjaa. "Mimi nilikuwa napika chapati mara moja kwa mwaka, Krismasi. Watoto sita, chapati tano. Nakata, nagawa, mimi nasema nimeshiba na moshi. Nililala njaa ndio huyo mtoto yangu akule chapati. Leo iko mingi, naweza kupea mgeni mpaka akatae, na mgeni anasema amechagua."

Nilitaka kumshika mkono lakini aliurudisha kwenye sufuria. Jioni alimwambia mwanawe, nami nikisikia upande wa pili wa ukuta wa mbao, kwamba yeye hatabeba kiondo kwenda Siakago. Atakwenda kule kufanya nini, aliuliza, kupelekea watu chakula kitakachorudi?

Nilirudi kwetu na hasira ya ajabu. Hasira kwa mchumba wangu na aleji yake, kwa daktari, na kwa mama yule. Kwani tumbo ni langu au la kijiji? Siku mbili nzima niliapa kwamba mwanamume hawi mwanamume kwa sababu ya mama yake, na kwamba Meru na chapati zao wabaki huko huko juu. Siku ya tatu nikaenda kwenye kihoteli cha Siakago, nikaagiza chapati mbili nizile, ndoa iishe maneno. Niliikata ya kwanza. Nikaishika. Nikajiuliza, nikila hii leo kwa ajili yake, nitaila hadi lini? Maisha yangu yote kila Krismasi nitalala ubavu nikitabasamu? Na yeye atakuwa amempata mkamwana gani, huyu wa uongo? Nikaiacha pale sahanini, nikarudi nyumbani nikilia njiani bila aibu.

Mama yangu mzazi alinikuta nimeketi kwenye mlango wa ghala. Nilimsimulia yote. Hakunihurumia hata kidogo. "Ulimcheka mama wa watu ndani ya nyumba yake," akasema, "halafu ukamsahihisha maneno. Mimi ningekufukuza Jumamosi hiyo hiyo." Akaingia ghalani, akanipimia unga wa mwere kwenye mfuko wa sukari, akaufunga kwa kamba. Hakuniambia niufanyie nini.

Shule zilipofungwa kwa mapumziko ya nusu muhula, nilikwenda Nchiru peke yangu. Nilimkuta mama anapalilia nduma. Alinyooka, akafuta mikono kwenye leso, akangoja.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha kwa kukucheka," nikasema. "Na nimekuja unifundishe kupika chapati."

"Chapati? Wewe?"

Nikamwonyesha unga. Aliuchota kidogo, akausugua kati ya vidole, akaunusa. "Hii ni ya kuku," akasema. Lakini matundu ya pua yalikuwa yanacheza, nikajua amezuia kicheko.

Tuliingia jikoni. Nilikanda kama nilivyowaona watu wakikanda, kwa maji ya baridi na chumvi. Nikalichukua donge, nikalisukuma kwa chupa ya soda, maana huko ndivyo wanavyosukuma chapati, na likapasuka kila upande. Nikalikusanya, likapasuka tena. Nilipolitia kwenye kikaango likawa makombo. La pili hata kikaango halikukiona. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono magotini, ananitazama tu. Donge la tatu liliponivunjikia mkononi nikasema, "Ngai, hii imenishinda," na hapo mama akacheka. Alicheka akajipiga mapaja, akacheka hadi akafungua kitambaa cha kichwa akajifutia macho.

"Mwalimu! Kumbe hujui kila kitu!"

"Sijui, Mama. Ndiyo maana nimekuja."

Akainuka. Kwa kweli hakuinuka kwa ajili yangu. Aliinuka kwa sababu hakuweza kuvumilia kuona unga ukiteswa namna ile. Alichemsha maji hadi yakatokota, akayamwaga juu ya unga huku akikoroga kwa mwiko, kama anayetaka kusonga ugali kisha akabadili nia. "Hii unga haina kamba ndani," akasema. "Ile ya ngano inavutana yenyewe. Hii lazima uitafutie kamba." Akatazama huku na huko, macho yakatua kwenye nduma zilizobaki za asubuhi. Akamenya moja, akaiponda hadi ikawa laini na kuteleza, akaikandia ndani. Akaweka donge kati ya vipande viwili vya jani la mgomba na kulisukuma polepole, akizungusha jani badala ya chupa. Lilikaa. Akalihamishia kwenye kikaango pamoja na jani, akabandua jani, na chapati ikabaki pale nzima, ya kijivu, imechanika pembeni kidogo. Tuliitazama sote wawili bila kupumua.

Alipoigeuza haikuvunjika. Nilipiga kelele hadi jirani akaita kuuliza kuna nini.

Mama alikata kipande akatafuna muda mrefu. "Hii si chapati," akasema hatimaye. "Lakini si mbaya." Akakata cha pili, na cha pili hakuniambia ni cha kuonja.

Tulipika nyingine nne. Alinisimulia namna alivyojifunza kupika chapati kwa kumtazama mke wa mwalimu mmoja kupitia dirisha, kwa sababu aliona aibu kuuliza. Nami nikamsimulia mkate tuliokuwa tukiulamba. Hatukuzungumza habari za kiondo. Sikuthubutu kuuliza, na yeye hakusema. Aliponisindikiza barabarani bado aliniita "Mwalimu", na nikarudi Siakago bila kujua kama nina harusi au sina.

Wazee walikuwa wameshapanga siku ya akina mama tangu zamani, na hakuna aliyeifuta, kwa hiyo ilibidi ingojewe. Ilipofika, mama yangu aliamka akafagia uwanja mara mbili. Jua la Siakago lilipanda likawaka. Majirani wetu wakaja na leso zao nzuri, wakaketi kwenye mikeka, na kila mmoja alijifanya haitazami barabara. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Nilikuwa nimejificha nyuma ya ghala, nimevaa gauni jipya, na nakumbuka wazi nilichokuwa nawaza: asipokuja, sitamlaumu, nami ngano bado sitaila. Nilikuwa na huzuni na nilikuwa sijutii, vyote kwa pamoja.

Kisha nikasikia wimbo wa akina mama kutoka mbali, kwa Kimeru.

Yeye ndiye aliyekuwa mbele. Alikuwa ameinama, kamba ya kiondo imemkaza kwenye paji la uso, kitambaa cheupe kimelowa jasho. Nyuma yake walikuwa akina mama kumi na zaidi. Nilitoka nyuma ya ghala nikikimbia, nikasahau kwamba bibi harusi hukaa ndani hadi aitwe, na mama yangu akanivuta gauni kwa nyuma.

Vyondo vikatuliwa. Desturi ni kwamba mama wa kijana hutoa vitu mbele ya wote. Akatoa mikate kwa mama yangu, akatoa sukari na majani chai, akatoa chapati zake maarufu ndani ya kitambaa, na wanawake wetu wakashangilia kila kimoja. Kiondo kikawa kimelegea, nikadhani kimekwisha. Akatia mkono hadi chini kabisa, akatoa kifurushi cha jani la mgomba kilichofungwa kwa kamba ya mgomba.

"Hii," akasema kwa Kiswahili, ili pande zote mbili zisikie, "hakuna mtu ataguza. Hii ni ya mtoto yangu. Yeye hapana kula ngano."

Minong'ono ikaanza kwenye mikeka. Jirani mmoja wa kwetu, mwanamke asiyejua kunyamaza, akauliza kwa sauti, "Kwani msichana ni mgonjwa?"

Mama mkwe wangu akasimama wima, mikono kiunoni. "Mgonjwa ya nini? Huyu ni mzima! Amechagua tu. Hata kijana yangu amemchagua tu. Nani hapa aliona barua ya daktari?"

Uwanja mzima ulilipuka kwa vicheko na vigelegele. Mimi nilikuwa nalia, machozi yananitoka hadi shingoni, na mama yangu akaniachia gauni. Nikaenda nikapiga magoti mbele ya mkwe wangu, akaniwekea kifurushi mkononi. Kilikuwa bado na uvuguvugu, sijui aliamka saa ngapi kukipika.

"Kula, mtoto yangu," akasema.

Nilisahihisha barua za mchumba wangu kwa kalamu nyekundu. Nilimsahihisha mama huyu huyu ndani ya nyumba yake. Siku hiyo nilisikia "mtoto yangu" mara mbili, na sikusahihisha neno. Nilifungua jani, nikaketi chini karibu na miguu yake, nikala.